Yaya Marcelline na Swali la Kila Asubuhi

Yaya Marcelline hapendwi. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani kwetu Panda ukimsifu mtu kabla ya kulisema, watakucheka. Yaya kwetu ni dada mkubwa; huyu ni mtoto wa mjomba wangu Evariste, fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa anasoma historia chuo kikuu, mwaka wa mwisho, na ana mdomo. Wenzake waliokwenda naye stage, mafunzo ya vitendo ya kuchimbua mambo ya kale, upande wa Mwadingusha, mpaka leo wakipita hapa wanaangalia ng'ambo nyingine ya barabara. Nilitaka sana kujua kwa nini. Nikamuuliza wakati ananisuka, maana ndiyo saa pekee ambayo hawezi kuondoka, wala mimi.

Stage yenyewe iko hivi. Mnalala kwenye mahema wiki nne, na kila mwanafunzi anapewa kare yake, kipande kidogo cha ardhi kilichozungushiwa kamba na misumari. Unachimba polepole, unachora kila tabaka la udongo unaloliona, na mchoro huo ndio pointi zako. Bila mchoro unarudia mwaka. Na mjomba alikuwa amesema mapema: "Kurudia hapana. Franck njo anangoja zamu yake." Franck ni mdogo wake yaya, na nyumba yetu haiwezi kusomesha wawili pamoja.

Pale walikuwa wanachimbua tanuru za zamani za kuyeyushia shaba, zile za udongo wa kichuguu. Wanaume wa kijiji waliajiriwa kubeba udongo, na mkubwa wao, papa Arsène, alisema wazi tangu mwanzo: mwanamke anayeona mwezi asikanyage shimo la tanuru. Ni kizila, marufuku ya mababu. Akiingia, wao wanatupa sepeto na kwenda zao.

Stéphane, assistant wa profesa, ndiye aliyesimamia kazi. Akapata dawa yake. Kila asubuhi, kabla ya kushuka shimoni, anawauliza wasichana nani mgonjwa, yaani nani anaona mwezi:

"Ba dames, nani iko malade leo?"

"Mbele ya wavulana?" nikauliza.

"Mbele ya bote." Yaya akavuta nywele zangu kwa nguvu. "Na banacheka mpaka banashika tumbo."

Aliyenyoosha mkono alipelekwa jikoni kuosha vigae vya vyungu vya kale, kare yake ikalala, na wavulana wakamwita Madame Mwezi. Choo nacho kilikuwa shimo lenye plastiki mbele. Upepo ukija, kila mtu anakuona. Basi wasichana wakaanza kudanganya. Tina, msichana mmoja mwembamba wa Lubumbashi, alidanganya mpaka damu ikaonekana kwenye suruali yake, ndani ya shimo. Sepeto zikatupwa. Stéphane akamwamuru Tina apige magoti mbele ya wafanyakazi aombe msamaha. Akapiga. Mvulana mmoja akachukua picha kwa simu. Jioni Tina akapanda lori la samaki, akaenda.

"Na weye, yaya, ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilikuwa nangoja kesho."

Kesho yake Stéphane akauliza swali lake. Marcelline akanyoosha mkono.

"Uko malade?"

"Hapana, Assistant. Niko na question. Mu cours, weye mwenyewe ulitwambia: bakiwasha tanuru, mwanaume mwenye alilala na bibi yake usiku, hakaribie. Njo vile?"

"Njo vile. Et alors?"

"Alors, tuulize na banaume. Ba messieurs, nani alilala na bibi yake jana?"

Hakuna aliyecheka. Wafanyakazi wote hurudi kijijini kila jioni, kwa wake zao. Mmoja akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Kisha macho yakamgeukia Stéphane, taratibu, maana kila mtu alijua pikipiki yake inalala wapi.

Papa Arsène akakohoa. "Ni kweli. Kizila iko ya bote." Lakini hakuwa anamsaidia yaya, alimwangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kutema. "Sasa, petite, umetufukuza bote ku kazi. Umefurahi?"

Wakaondoka wote. Stéphane akamjia mpaka puani.

"Piga magoti. Ba papa bale bakisikia umeomba pardon, batarudia. Ama funga bagages."

"Sipigi."

"Piga, ebu! Unatuharibishia stage!" wavulana wakapiga kelele. Hata Sylvie, aliyelala naye hema moja, akasema, "Marcelline, unajiona nani? Mwenzako alipiga, alikufa?"

Hakupiga. Stéphane akaenda kwenye kare yake, akang'oa misumari yote na kuitupa kichakani, kamba akaitia mfukoni. Kare bila misumari imekufa: hakuna anayejua tena kitu gani kimetoka wapi.

Profesa Angèle, mwenye stage, alikuwa anakuja Jumamosi tu. Alipofika akasikiliza habari ya swali, ya choo, ya Tina, akitikisa kichwa pole pole. Ndipo akaiona kare.

"Nani aling'oa misumari?"

Yaya anaiga sauti ile mpaka nashtuka. Stéphane akaanza kusema mambo ya nidhamu. Profesa akamwambia anyamaze, tangu sasa pointi atazitoa profesa mwenyewe.

"Unasikia?" yaya akaniambia. "Tina alipigishwa magoti, kichwa tu njo ilitikisika. Misumari ikang'olewa, dunia ikasimama."

Yaya akaitumia hasira hiyo ya profesa kabla haijapoa. Vipimo vyote vilikuwa kwenye mchoro wake. Bila yeye kare hairudi mahali pake.

"Nitairudisha, Profesa. Lakini ile swali iishe. Choo ipate mulango. Kare zingine tutie kule kwenye mabaki ya nyumba za zamani, mbali na tanuru, pointi sawa sawa. Muntu akisema leo naenda kule, asiulizwe juu ya nini, mwanamuke ao mwanaume. Na Tina arudie."

"Unanipa masharti, mademoiselle?"

"Ndiyo, Profesa."

"Uko na kiburi mubaya sana."

"Ndiyo, Profesa."

Profesa akakubali yote, na hakumsemesha tena mpaka mwisho. Papa Arsène na watu wake wakarudi; siku hiyo ya kwanza wote wakachagua kubeba udongo upande wa nyumba, bila kusema kwa nini. Tina akarudi pia. Hakuna aliyemsalimia. Mwenye picha aliifuta mbele yake, huku anatabasamu. Sylvie akahama hema, Tina akachukua nafasi yake.

Pointi zilipotoka, mjomba alikuwa kazini uani. Akaisoma karatasi bila kuvua glavu: kumi na moja kwa ishirini.

"Onze? Kelele yote ile, juu ya onze?"

"Onze inapita, papa."

Mjomba akamrudishia karatasi, akashusha kinga yake ya macho.

"Franck!" akaita. "Tafuta ba documents yako, zamu yako imefika."