Tarehe ya Kukabidhi Jeneza

Ukikutana naye mara ya kwanza, kitu utakachokiona kabla ya vingine vyote ni macho yake. Hayatulii usoni pako kama ya watu wengine. Yanaanzia utosini, yanashuka polepole mpaka kwenye viatu, yanapanda tena na kupita kutoka bega hadi bega, halafu yanashtuka kama mtu aliyefumaniwa na kukimbilia pembeni. Ndipo anapokupa mkono na kukuuliza habari za nyumbani. Watu wa mtaani walimwita Kipimo, naye hakuona ubaya. Alikuwa ametengeneza majeneza kwa miaka ishirini na miwili, na alijua urefu wa kila mtu aliyekaa karibu naye, akiwamo mkewe, ingawa hilo hakuwahi kumwambia.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichopakana na duka la matairi. Upande wa kushoto mbao zilisimama zikiegemea ukuta. Upande wa kulia, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani ya mkewe, Mama Pacha, ambaye alishona satini za ndani na mito midogo ya kichwa. Pacha wenyewe walikwisha kua na kwenda kujitegemea, wakabaki wawili hao na harufu ya vanishi.

Kipimo alikuwa na utaratibu wake alioupenda, nao uliitwa kuweka jina. Wazee wasiotaka kuwaachia watoto wao mzigo walikuja kwake wakiwa wazima, wakachagua mbao na kulipa kabisa. Yeye aliziandika mbao hizo jina la mwenyewe kwa chaki, upande wa chini, kisha akaziacha zikauke. Jeneza lenyewe hakuliunganisha mpaka siku ya msiba. Mbao iliyokauka kwa subira, alisema, haipindi wala haipasuki, lakini jeneza lililounganishwa likakaa bure huingiwa na wadudu. Simu ikipigwa alfajiri, jioni jeneza lilikuwa tayari.

Shida ilianza pale kampuni moja kubwa ya mazishi ilipofungua ofisi yenye vioo vitupu katika barabara kuu. Wiki tano zilipita bila Kipimo kushika randa.

"Kwani watu wameacha kufa?" aliuliza Mama Pacha.

"Hawajaacha. Wanapitia mlango mwingine tu."

Basi asubuhi moja akaingia bibi mmoja mfupi, mnene, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Alikuwa mkunga mstaafu, yule yule aliyewapokea pacha wao duniani, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Mkunga. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wauguzi wastaafu.

"Shikamoo mama," alisema Kipimo, macho yakishuka.

"Marahaba mwanangu. Acha kunipima, nimekuja mwenyewe kupimwa." Akajiweka kwenye kiti kama aliyefika kwake. "Tuko thelathini na wawili. Tunataka kuweka majina kwako, wote kwa mpigo."

Cherehani ilinyamaza. Mama Pacha aligeuka, akamtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu ili furaha isimtoke usoni.

"Ila kuna jambo moja," Mkunga aliendelea. "Watakaolipa ni watoto wetu, na watoto wetu wako nchi za nje. Mwaka juzi walituma pesa kupitia mweka hazina wetu, pesa zikaota mbawa. Safari hii wanataka kulipa kwa kadi, moja kwa moja kwako, na risiti waione. Wale wa vioo wanapokea kadi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna mkutano wa kuamua. Ukiwa na kadi, kazi ni yako. Usipokuwa nayo, nitakupigia kura peke yangu, na mimi kura yangu ni moja."

Hivyo ndivyo Kipimo, mtu aliyekuwa akienda benki mara mbili kwa mwaka, alivyojikuta mbele ya meza ya afisa wa benki mwenye tai nyembamba na adabu nyingi. Alikuwa amevaa shati lake la harusini. Fomu ya kuomba mashine ya kupokea kadi ilikuwa na kurasa sita. Alijaza vizuri mpaka swali la kumi na nne, lililouliza: Bidhaa humfikia mteja baada ya siku ngapi tangu alipe?

Kipimo alifikiri kwa makini. Hakupenda kusema uongo, hata kwenye karatasi. Akaandika kwa mwandiko wa kiseremala, wenye herufi zilizonyooka: Siku atakapofariki.

Afisa alisoma, akakohoa kidogo. "Mzee, hapa panatakiwa namba."

"Namba anayo Mungu, mwanangu."

"Naelewa. Lakini mfumo unataka namba."

"Basi wengine ni wiki, wengine miaka. Kuna bibi mmoja aliweka jina kwangu mwaka wa tatu wa karakana. Juzi nilimwona sokoni anagombana na muuza mkaa."

Afisa aliuma midomo asicheke, akageuza kioo cha kompyuta ili Kipimo aone mwenyewe. Alieleza taratibu, bila dharau. Biashara inayopokea pesa leo na kutoa bidhaa baadaye huwekwa kwenye kundi la hatari. Fundi akifunga duka kabla ya kutoa bidhaa, waliolipa kwa kadi watairudia benki na kudai pesa zao, na benki italazimika kuwarudishia.

"Sasa huku kwenye kundi la hatari niko na nani?"

Afisa alisoma orodha. "Mawakala wa tiketi za ndege. Michezo ya kubahatisha. Wapiga ramli kwa simu. Na nyinyi."

"Mimi na wapiga ramli?"

"Mstari mmoja, mzee."

Maombi yalipelekwa makao makuu hivyo hivyo, na siku ya tatu yalirudi kwa ujumbe wa simu wenye maneno tisa, la kwanza likiwa "Samahani". Kipimo alijaribu benki ya pili, wakamkatalia akiwa bado amesimama. Benki ya tatu haikuwa na mtu wa kuonana naye, ilikuwa na namba ya simu. Sauti ya kike ilimwambia abonyeze moja kama anauza bidhaa, mbili kama anatoa huduma. Alibonyeza moja. Akaambiwa yuko nafasi ya arobaini na tatu, akapigiwa muziki. Alipofika nafasi ya kumi na mbili simu yake iliisha chaji.

Mama Pacha alimkuta ameshika tama mbele ya mbao zake. Mbao ikipinda, alijua pa kuilowanisha na pa kuikandamiza. Msumari ukigoma, alijua pa kuupiga. Jambo hili halikuwa na pa kushika.

"Baba Pacha, kula kwanza."

"Nitakula. Niache kidogo nitafute mlango."

"Umeutafuta wiki nzima. Labda hapana mlango, pana ukuta tu."

Na yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Aliyempigia simu ni yule afisa mwenye tai. Alisema amelala akiwaza jambo lake, na kwamba ipo njia moja halali. Kama jeneza linamfikia mteja ndani ya siku saba tangu alipe, mfumo hauhesabu tena kuwa ni malipo ya mapema. Aandike siku saba na alete mfano wa mteja mmoja aliyekwisha kabidhiwa, pamoja na picha na saini.

"Unataka niwapelekee watu majeneza wakiwa hai?"

"Mimi sitaki, mzee. Mfumo ndio unataka."

Kipimo alikwenda kwa Mkunga akiwa na hakika atafukuzwa. Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu. Chama, alisema, kina stoo kubwa nyuma ya ukumbi wao, imejaa vitanda vibovu vya hospitali tu. Majeneza yatapangwa humo. Wasiotaka kuyaona hawatayaona. Na la mfano litakuwa lake, alipeleke nyumbani kwake, maana yeye haogopi ubao.

"Na wadudu?" aliuliza Kipimo kwa unyonge.

"Utakuja kupiga dawa kila baada ya miezi sita. Au unadhani nitaondoka kesho?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, Kipimo aliunganisha jeneza huku mwenye jeneza akiwa amekaa pembeni akitoa maelekezo.

"Hapo mabegani panabana."

"Hapabani, mama. Hutakuwa unageukageuka."

"Umejuaje? Mimi mume wangu mwenyewe alikuwa akilalamika nageuka sana." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe, mto huo uongeze pamba. Shingo yangu ina historia."

Mama Pacha aliongeza pamba akicheka. Kipimo hakucheka. Kila msumari alioupigilia aliuona kama anavunja ahadi, maana mbao zile zilihitaji angalau miezi minne zaidi, na yeye alizilazimisha kwa sababu ya swali la kumi na nne.

Siku ya sita tangu Mkunga alipe, walilipeleka kwa mkokoteni. Kipimo alisukuma, Mkunga na Mama Pacha wakafuata nyuma wakiongea habari za bei ya sabuni. Hawakufika hata kwenye kona. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo alipoona jeneza linaelekea kwa Mkunga, alitupa beseni na kuangua kilio. Wa pili akapokea. Kufikia getini wanawake saba walikuwa wanalia na mmoja amekwisha vua viatu.

"Nyamazeni, niko hapa," alisema Mkunga kutoka nyuma.

Wakanyamaza kwa hatua, mmoja mmoja, kama redio inayopunguzwa sauti.

"Mama, si ungesema," alilalamika yule wa beseni, akijifuta macho. "Nimekulilia machozi ya kweli."

"Yaweke. Utayahitaji."

Picha ilipigwa sebuleni. Mkunga alisimama kando ya jeneza lake, mkono mmoja juu ya kifuniko, akitabasamu kama aliyenunua kabati. Akatia saini chini ya maneno "amepokea bidhaa ikiwa katika hali nzuri". Afisa alituma kila kitu makao makuu siku hiyo hiyo. Kipimo alirudi nyumbani akala sahani nzima, jambo ambalo mkewe aliliona lakini akalinyamazia asije akalitia nuksi.

Siku mbili baadaye, zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya mkutano, simu iliita. Mkunga alikuwepo karakanani. Alikuja kulalamika kwamba mto bado mgumu. Kipimo aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti ya afisa, nayo haikuwa na raha. "Faili limefika kwenye kamati. Wameomba kiambatisho kimoja tu."

"Kipi hicho?"

"Nakala ya cheti cha kifo."

"Cha nani?"

"Cha mteja. Wanasema hawawezi kuthibitisha kuwa bidhaa imetumika kwa kusudi lake."

Kipimo alimtazama Mkunga. Mkunga alikuwa akinywa chai.

"Mwanangu," alisema Kipimo taratibu, "mteja yuko hapa mbele yangu. Anakunywa chai."

"Najua. Nimewaeleza. Nimewaonyesha picha. Wanasema kwenye picha hakuna tarehe ya kifo."

Mkunga aliweka kikombe chini, akainama kuelekea simu. "Wewe kijana. Mimi vyeti nilivyowahi kuandika kwa mkono wangu ni vya watu waliozaliwa. Hiyo kamati inakutana lini?"

"Alhamisi saa nne asubuhi, mama. Ghorofa ya saba."

"Nitakuja kuwathibitishia."

Afisa alisema haijawahi kutokea, kisha akasema ataomba, kisha jioni akapiga tena na kusema wamekubali dakika kumi. Kipimo usingizi ulimruka usiku huo na uliofuata. Alijua kwamba akikosa Alhamisi, Jumamosi haina maana, na akikosa Jumamosi karakana haitafika mwisho wa mwaka. Kila alichoweza kukifanya kwa mikono alikwisha kifanya. Kilichobaki kilikuwa kwenye mikono ya watu asiowajua.

Alhamisi walifika mapema mno, wote watatu. Ghorofa ya saba ilikuwa na zulia la kijivu na baridi ya mashine. Katibu muhtasi aliangalia karatasi yake, akasema mwombaji haruhusiwi kuingia kwenye kikao kinachomjadili, ila mteja anaweza. Uamuzi utatolewa hapo hapo, mlango ukifunguliwa.

"Lakini biashara ni yangu," alisema Kipimo.

"Ndiyo sababu, mzee."

Mkunga alirekebisha kilemba, akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba na kukishika mkononi kama tiketi. "Msinywe maji mengi," aliwaambia. "Sitachelewa."

Akaingia. Mlango ulikuwa wa kioo chenye ukungu. Vivuli vilionekana, sura hazikuonekana. Kipimo na Mama Pacha walikaa kwenye viti vya plastiki, magoti yao yakigusana. Kwanza ilisikika sauti ya mwanamume ikisoma kitu kirefu. Halafu sauti ya Mkunga, kidogo tu. Halafu watu wakacheka, na Kipimo akamgeukia mkewe haraka.

"Kucheka ni vizuri au vibaya?"

"Sijui. Inategemea wanamcheka nani."

Dakika kumi zilipita. Zikafuata kumi nyingine. Afisa mwenye tai alipanda ngazi, akawasalimia kwa kichwa, akasimama ukutani, naye akautazama mlango. Ndani kulikuwa kimya sasa. Kivuli kimoja kilinyanyuka, kikazunguka meza, kikaja upande wao.

"Umeomba?" Mama Pacha alinong'ona.

"Nimeomba mpaka maneno yameniishia."

Kitasa kilicheza kidogo, kisha kikatulia. Mtu wa ndani alikuwa ameitwa nyuma amalizie jambo. Kipimo na mkewe walikuwa wamekwisha simama. Hawakukaa tena.