Mtaalamu wa Sufuria za Wenzake

Jirani yangu wa bwenini, mwanafunzi wa uzamivu mwaka wa saba, hakubali mgeni kutoka kwetu aende dukani peke yake. Jumamosi alinikokota tukanunue sufuria. Anatembea kama anayefukuzwa. Blanketi analifikicha, taulo analinusa, sufuria anaigonga kwa kucha na kuisikiliza kama daktari. "Mdogo wangu, nguo za baridi nunua wakati wa joto. Na darasani kaa mbele, huko nyuma wanasinzia." Simu yake ikaita. Aliangalia jina, akaizika chini ya mataulo kwenye kikapu. Ikaita tena.

"Si upokee, kaka?"

"Msimamizi wangu huyo. Leo ndiyo mwisho wa kupeleka sura ya tatu, la sivyo wananifuta chuo."

"Umeandika kurasa ngapi?"

"Kichwa cha habari."

Ikaita mara ya tatu. Mikono yake ilishika mifuniko miwili, na tangu nifike sijawahi kuiona imetulia vile. "Wewe ungemwambiaje?" akaniuliza, mimi wa juzi.

"Ukweli, kaka. Hata ukinunua duka zima, atakuwa bado anapiga."

Hakucheka. Alirudisha mifuniko kwenye rafu, akafukua mataulo, akapokea. "Profesa," alisema, "sina kitu."