Kaburi la Mama Ngoyi Kwenye Simu

Kama uko mbali na mji wetu wa Kindu na una mama hapa ambaye hajibu simu, mtu wa kumtafuta ni Fidélie Mukuna. Biashara yake haina duka wala kibao. Ina simu moja yenye kioo kilichopasuka, na jina alilolibuni mwenyewe mtandaoni: Miguu ya Kindu. Mwenye kiwanja mtaa wa Kasuku akitaka kujua kama jirani amesogeza ua, Fidélie huenda akapiga video. Mwenye baba mgonjwa mtaa wa Alunguli, ng'ambo, Fidélie huvuka mto, akampelekea mzee dawa na kumshikia simu mbele ya uso mpaka aseme neno. Sisi majirani tulimcheka mwanzoni. Tulisema, tangu lini kutembea kukawa kazi? Leo ana nyumba ya bati na anasomesha wapwa zake, na sisi tumeacha kucheka.

Anachouza ni uaminifu, hana kingine. Mtu aliye Kinshasa au Ulaya huona kile tu ambacho Fidélie amekielekezea simu.

Mwaka jana aliandikiwa na Florentin Kitenge, kutoka Ubelgiji. Huyu ni mzaliwa wa hapa, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Vita ilipoanza mwaka 1998 alikuwa shuleni Lubumbashi. Nchi ikakatwa vipande, yeye akabaki upande mmoja na mama yake upande mwingine, na treni ikanyamaza. Alimwita Fidélie yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Yaya, mama yangu alikufa kule Kindu, mwaka 2002," alisema katika sauti aliyoituma. "Mimi sikurudi. Hata vita ilipoisha sikurudi, nilikuwa na haya. Njo zambi yangu ile. Unitafutie kaburi, uijenge na simenti, unionyeshe. Nilie na mimi kama mutoto ya muntu." Miaka yote ile ugenini, bado alisema "njo" badala ya "ndiyo", kama sisi.

Aliyeuishi mwaka ule hapa haulizwi maswali. Mji ulizungukwa na wapiganaji. Waliotoka kwenda shambani hawakurudi, mchele wa Kibombo haukuingia, tulikula majani ya mihogo bila chumvi mpaka majani nayo yakaisha. Aliyekufa hakupelekwa makaburini, maana makaburi yako pembeni ya mji na njiani kulikuwa na bunduki. Alizikwa uani, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana Kindu hii watu wengi wamelala mahali ambapo hata padri hapajui.

Fidélie alikipata kiwanja cha Mama Ngoyi, mama yake Florentin, bila taabu. Alichungulia juu ya ua, akatazama nyuma ya nyumba, pale majirani walipomwelekeza. Hapakuwa na kaburi. Palikuwa na jiko: kuta za udongo, paa la bati, moshi unatoka, na mwanamke anakaanga samaki. Mama wa mtu amelala, na juu yake watu wanakaanga samaki! Fidélie alishikwa na aibu kana kwamba ni yeye aliyelijenga. Akaondoka bila kubisha hodi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na nitasema wazi: lilizaliwa na huruma, lakini tamaa ndiyo iliyolilea. Hakutaka kumwambia mtoto kwamba mama yake yuko chini ya mafiga. Na hakutaka pia kumpoteza mteja.

Alikwenda makaburini akachagua tuta lisilo na msalaba. Juu yake kulikuwa na sahani ya bati iliyotobolewa katikati. Kila mtu hapa kwetu anajua maana yake: sahani ya marehemu hutobolewa ikaachwa juu ya kaburi lake, ili mwizi asione faida ya kuichukua. Yaani tuta lile lilikuwa na wenyewe. Fidélie alijiambia kwamba wenyewe watakuwa wamekufa, au wamehamia Goma. Akaitupa sahani kwenye nyasi na kumwita fundi.

Kaburi likang'aa, MAMA NGOYI kwa rangi nyeusi. Siku ya kuonyeshwa, Florentin alikusanya ndugu zake, akavaa koti jeusi, akapiga magoti sebuleni kwake mbele ya simu. Alilia kwa adabu, kitambaa mkononi. Kisha alimshukuru Fidélie mbele ya wote na kuisambaza ile video. Wateja wakaja kutoka kila pembe, wote wanataka makaburi.

Tangu hapo Fidélie alikula vizuri na kulala vibaya. Akisikia harufu ya samaki, aliinuka na kuondoka mezani. Florentin akimtumia baraka za Jumapili, alizifuta kabla ya kuzisikiliza mpaka mwisho. Tulimwona anakonda katikati ya neema, tukadhani ni kisukari.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alikuwa makaburini kwa kazi ya mteja mwingine. Mbele ya lile kaburi la saruji alisimama Mama Nathalie, mjane anayeuza makaa sokoni, jembe begani. Alikuja kupalilia.

"Mama, wewe njo unatembezaka simu huku," alisema. "Basi niambie. Bwana yangu Aimé njo iko humu. Alikufa na muke moja. Huyu Mama Ngoyi ni nani? Alimuoa lini?"

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Nathalie hakucheka. Fidélie alitaka kusema kwamba fundi alikosea, ulimi ukakataa. Akasema yote, palepale, machozi yakimtoka.

"Unisamehe, mama. Sahani niliiona. Nilijua kaburi iko na mwenyewe."

Alijitolea kuivunja saruji yote.

"Simenti uiache," Nathalie alisema. "Aimé alikuwa anapenda vitu vya muzuri. Jina njo utoshe, leo hii. Na ule muntu alilia juu ya bwana yangu, umwambie. Kama haumwambie, nitamutafuta mwenyewe."

Fidélie alilikwangua jina kwa patasi mpaka vidole vikatoka damu. Kisha akampigia Florentin na kumweleza, bila kujitetea.

"Sasa mama yangu iko wapi?" aliuliza Florentin.

"Kwake, nyuma ya nyumba. Juu yake walijenga jiko, kaka. Niliogopa kukuambia."

"Nani alijenga?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Haukuuliza?" Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Mimi nilikuomba macho, yaya. Wewe ukanitungia hadisi. Nenda kule sasa. Washa video."

Safari hii alibisha hodi. Aliyemfungulia ni Mama Francine, bibi mwenye mvi tupu. Florentin alipomwona kwenye simu aliruka kutoka kitini: huyu alikuwa rafiki wa mama yake, waliuza mchele meza moja sokoni.

"Sisi njo tulimuzika, mimi na bwana yangu," alisema Mama Francine, akimwingiza Fidélie na simu yake jikoni. "Tukabakia humu kulinda nyumba yake. Mvua ikaanza kula kaburi, nguruwe wakakuya kuchimba. Nikasema hapana, rafiki yangu hawezi kulala inje. Tukamujengea paa. Kila asubui ninawasha moto, ninamusalimia. Hayuko peke yake, mutoto wangu." Akamgeukia Fidélie. "Na wewe, njo ulichungulia siku ile? Nilikuona. Nikasema, huyu ataingia."

Fidélie aliielekeza simu kwa bibi tena.

"Mama Francine, shika simu wewe mwenyewe," alisema Florentin. "Yaya, tafazali, toka inje."

Akatoka. Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko, mikono mitupu. Alimsikia Florentin akiuliza mama yake alisema nini siku zile za mwisho.

"Alikutaja wewe," Mama Francine alijibu. "Alisema, mukionana na Florentin, mumwambie asirudi. Huku njaa itamumaliza. Abakie kulekule, asome. Miaka yote ninatafuta muntu wa kukufikishia ile neno."

Kilio kilichofuata hakikuwa cha kitambaa. Kilikuwa cha mtu mzima anayemwita mama yake kwa sauti, na Fidélie alikisikia chote kupitia ukuta. Neno hilo lilikuwa humo jikoni hata siku ile aliyochungulia, na yeye akaenda kununua saruji.