Damu ya Mapasa

Mdogo wangu Anaclet ni mjinga, na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nilimbeba mgongoni, yeye leo, Alexis kesho. Ni mapasa. Kwetu ukimnunulia pacha mmoja shati, mwingine naye umnunulie, la sivyo utasikia ana homa. Wamekua hivyo, sura moja, ndevu moja, hata mama yetu alikuwa akiwachanganya.

Anaclet alikuwa dereva wa treni. Mwaka ule askari walipopora Lubumbashi na mafuta yakaisha, treni yake ilikwama Kamina, naye akakwama nayo karibu mwaka mzima bila mshahara. Aliporudi, mke wake Léonie alimpikia bukari, ugali wetu, na samaki, akamchemshia maji ya kuoga, kisha akamtandikia godoro sebuleni.

"Papa, mu kitanda yangu hautaingia mpaka upimwe damu. Bantu banakufa."

"Mi niko mugonjwa wapi?"

"Damu njo itasema."

Nilimuunga mkono Léonie, muramu wangu, maana ni mke wa ndugu yangu. Alilia mbele yangu: alimtaka mume wake, lakini aliogopa kufa na kuwaacha watoto.

Sasa Anaclet, mtu aliyepitisha treni kwenye madaraja mabovu akipiga mluzi, anaogopa sindano. Na kuliko sindano, aliogopa jibu. Akaahirisha wiki mbili, kisha akafanya nini? Akamtuma Alexis! "Mapasa iko na damu moja," eti. Alexis ni fundi baiskeli, mwimbaji wa kwaya, hajalala nje ya nyumba yake hata siku moja. Akaenda zahanati, akajiita Anaclet, akanyoosha mkono. Sisi wanawake hatukujua lolote.

Siku ya majibu Anaclet alivaa abakosi yake, suti ya sherehe, akatukokota wote: Léonie, mimi, na Nkandu, mke wa Alexis. Alitaka mashahidi. Akamwambia nesi aseme kwa sauti, tusikie vizuri.

"Papa, uko na kaswende," nesi akasema. "Usiogope, sindano inaponyesha. Lakini mama naye lazima apimwe."

Léonie aliketi sakafuni puu. Anaclet akaruka.

"Hapana! Ile damu haiko yangu!"

"Iko ya nani?"

"Ya Alexis!"

Eh, Mungu wangu! Nesi alimtukana kwa Kifaransa, tena Kifaransa kizuri, akamkamata mkono, akamkalisha kitini. Mwanaume mzima alipiga kelele kama mbuzi kabla sindano haijamgusa. Tukangoja, Léonie akisali, mimi nikitafuna kucha. Jibu likatoka: mzima.

Léonie alivua kitambaa cha kichwa akampiga nacho, analia, anacheka.

"Mujinga wewe! Nimekungojea mwaka muzima, halafu unaniongezea wiki mbili juu ya woga?"

Nilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Kisha nikamwona Nkandu. Kila Jumapili huyu alimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima kwa ajili ya mume anayelala nyumbani. Nilidhani atapiga mayowe. Hakupiga. Alikwenda akaketi kwenye kiti alichokalia Anaclet, akapandisha mkono wa blauzi.

"Na mimi, mama," akamwambia nesi. "Unipime."

Nikamshika mkono wa pili.