Povu la Ulanzi wa Posa

Bibi yangu aliamini kwamba Mungu anapima povu. Hilo lilikuwa fundisho, na wazee wa kanisa lake, pale mlimani juu ya Ipogolo, walikuwa wamelikalia kikao. Ulanzi, yale maji matamu ya mwanzi yanayogemwa wakati wa mvua, haukuwa dhambi ungali mtogwa, maana yake mbichi na haujachacha. Hata watoto wa kipaimara walipewa. Ukianza kutoa povu umekuwa pombe, na aliyeuonja alitengwa na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Kwa hiyo kinywaji kilekile, katika chombo kilekile, kiliamka kitakatifu na kufikia adhuhuri kimelaaniwa, bila mtu kukigusa. Niliwahi kumwuliza Bibi ni wakati gani hasa Mungu hubadili mawazo.

"Waulize walimu wako wa Uganda, mume wangu," akanijibu. "Si ndio wanaojua kila kitu?"

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu huko Uganda, nikakuta nyumba nzima inangoja posa ya mama mdogo. Alikuwa binti wa mwisho wa Bibi, amefikia umri ambao wanawake wa kwetu huanza kumsalimia mtu kwa huruma. Aliyemtaka alikuwa seremala, mzaliwa wa milima ya Kilolo, anayefanya kazi Mbeya. Kosa lake lilikuwa Ukatoliki. Wamisionari walikuja wakagawana vilima, hiki cha Walutheri, kile cha Wakatoliki, na wazee wetu wakaurithi ugomvi wa Ulaya kama mtu anavyorithi shamba. Bibi alimkataa seremala kwa miaka, mpaka mwenyewe akakubali kufundishwa upya kanisani kwetu. Hapo Bibi akalegea, akaweka sharti moja: kinywaji cha posa kiwe mtogwa.

Kwa desturi, mzee wa upande wa binti akionja kinywaji cha wageni, posa imekubaliwa. Asipoonja, wageni wanaaga. Babu alikwisha kufa, na wajomba zangu hawakuwa na ubavu wa kukohoa mbele ya mama yao. Mzee wa nyumba alikuwa Bibi.

Wageni walifika mchana, wanaume wanne, wakiongozwa na baba mkubwa wa seremala. Alibeba mbeta, chombo cha mwanzi cha kuhifadhia ulanzi.

"Kamwene, mama," alisalimu. "Tumesikia hapa pana jiko. Kijana wetu anakula vibichi."

"Huko Mbeya majiko yameisha?" Bibi aliuliza.

"Yapo, mama. Yana moshi."

Watu wakacheka, na Bibi naye akacheka. Mama mdogo alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, na niliona kivuli chake kimetulia. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kisha mzee akazibua mbeta, na povu likapanda mpaka mdomoni, likamwagikia vidole vyake.

Nilielewa mara moja alichofanya. Kwa kutuheshimu, alichagua mbeta ya marehemu baba yake, ile kubwa, nyeusi kwa moshi, iliyokolea ulanzi wa miaka mingi. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mbeta ya zamani huuchachua mtogwa njiani. Ukitaka ubaki mtamu unauweka kwenye mbeta mpya, lakini nani angekuja kuposa na kimwanzi kilichokatwa jana?

"Asubuhi ulikuwa mtogwa," alisema mzee. "Nimeugema kwa mkono wangu."

"Nakuamini, baba," Bibi alijibu. "Lakini sasa si asubuhi."

Mjomba mkubwa akanong'ona, "Mama, gusa kwa mdomo tu, usimeze."

"Ndivyo unavyofanya wewe?"

Hata wageni walicheka. Mjomba alikuwa ametengwa kanisani mara nyingi kiasi kwamba alikuwa na mahali pake maalumu pa kukaa.

Nikaingilia kati. Nikasema Yesu mwenyewe aliwapa watu divai pale Kana, na haikuwa mtogwa.

"Kana sikuwako," alisema Bibi. "Hapa nipo."

Akaagiza chai. Wageni waliinywa kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Mlangoni yule mzee alisema, bila kupandisha sauti, kwamba wao walikubali mtoto wao abadili kanisa, na sisi tumeshindwa na povu, hawatarudi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Bibi alipokuwa msichana alikimbilia misheni ili asiozwe kwa mzee mwenye wake watatu. Imani ilimpa haki ya kukataa mume, na familia yetu yote imetokana na ukaidi huo. Siku ile akaitumia haki hiyohiyo kwa niaba ya binti ambaye hakutaka kukataa, kisha akasali sala ndefu ya shukrani.

Nilimfuata mama mdogo jikoni akiosha vikombe. Nilimwambia apande basi aende Mbeya, wafunge ndoa bomani kwa bwana shauri, serikali haipimi povu.

"Nimeshamwambia mama yangu hivyo," alisema.

"Akasemaje?"

"Amesema niende. Ataniombea."

"Basi nenda. Nani anakuzuia?"

Alikisuuza kikombe alichokwisha kukisuuza. "Wewe hujawahi kuombewa na mama yako kila siku, kwa sauti, kama mgonjwa asiyepona. Na nyumba nzima inaitikia amina."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha vikombe.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa hasira tu. Mchungaji alimtaja Bibi kuwa mfano wa mtu aliyeshinda jaribu, na Bibi akainamisha kichwa chenye kitambaa cheupe. Kisha mchungaji akaiomba kwaya iimbe. Mama mdogo akasimama pamoja na wenzake, safu ya pili, akafungua kitabu, akaimba.