Ubao wa Mwalimu Yared

Kila Jumatano Costancia alipita Mabwerebwere na ndoo yenye mfuniko, akikusanya betri zilizokwisha za redio na tochi ili kikundi chao cha kanisa kizipeleke Morogoro kurejelezwa. Alivaa kama anayekwenda ibadani, maana hakutaka mtu aseme mjane wa mwalimu mkuu anaokota taka.

Walisema hata hivyo.

"Shikamoo, mama," Gaudiosa alimwamkia akicheka. "Ungekuwa na gunia ningekuita muuza vyuma chakavu!"

"Marahaba. Cheka, lakini betri lete."

"Leo hupati kitu. Zote ziko humu."

Akaonyesha kinu. Gaudiosa aliendesha chekechea uani kwake, na ubao ulikuwa umepauka. Alikuwa amepasua betri na kutwanga ule unga mweusi, ili auchanganye na majani ya muhogo, apake ubaoni. Vumbi lilikuwa limemkaa puani.

"Acha, mwanangu. Unga huo ni sumu."

"Sumu? Si marehemu Mwalimu Yared aliyetufundisha? Darasa la nne zima tulitwanga, naye katikati yetu. Nani alikuwa na mbao nyeusi kama zake?"

Hakuna. Costancia alizionea fahari mbao zile. Aliikumbuka pia mikono ya mumewe miaka ya mwisho, ilivyotetemeka hadi chaki ikawa inadondoka, na watu wakanong'ona kuwa ni pombe. Yeye alinyamaza; hakuona kwa nini nyumba yake ijieleze. Leo pia angeweza kunyamaza, jina la Yared likabaki safi kwa wanafunzi wake.

Gaudiosa aliinua mchi.

"Mwalimu alikosea," Costancia alisema. Hakuwahi kuyatamka maneno hayo, hata akiwa peke yake.

Mchi ukabaki hewani. "Ile mikono, mama... haikuwa pombe?"

"Hakuwahi kuionja. Daktari hakusema ni betri; alisema tu tumechelewa kuja. Lakini mimi ndiye niliyemfulia mashati, Gaudiosa. Maji yalikuwa meusi mpaka nisuuze mara ya tatu."

Gaudiosa alivitazama vidole vyake, akavikunja. Kisha alijifunika mdomo kwa kanga, akaumimina unga taratibu kwenye mfuko, akaufunga na kuutia ndooni. Machozi yalimchirizika juu ya weusi ule.

"Tulikuwa arobaini na wawili," alisema.

Costancia alikaza mfuniko. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Zabron, naye katika darasa lile alikaa dawati la mbele.