Siku ya Kulaza Moto

Wabelgiji wana sikukuu nyingi kupita kiasi, na zote zinapitia jikoni. Nalisema hili kwa uchungu, maana miaka ile ya Zaïre nilikuwa mpishi wa injinia mmoja wa migodi pale Kolwezi, na mkewe, Madame, hakuacha hata moja ipite. Januari, keki yenye harage moja ndani. Atakayeliuma anavikwa taji la karatasi. Februari, chapati nyembamba za maziwa, na lazima uzirushe hewani. Julai, sikukuu ya kiapo cha mfalme wao wa kwanza. Desemba, mtakatifu mwenye punda, ambaye watoto wanamwachia karoti ndani ya viatu. Viatu nilivipiga rangi mimi, na kwa kuwa punda hakuwepo, karoti nilizitoa mimi kabla watoto hawajaamka. Noeli serikali yetu iliifuta, ikawa siku ya kazi kama Jumanne yoyote, lakini nyumbani kwa Madame haikufutwa. Mwananchi mwema alikuwa kazini siku hiyo, na mimi nilikuwa kazini nikichoma bata.

Pasaka ndiyo iliyonitoa roho. Mwaka mmoja nilipaka mayai rangi, nikayaficha bustanini, na watoto wakayapata yote isipokuwa moja. Madame akaamuru nilitafute. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya maua wakati shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alipofika kwenye lango kusema mama yetu amefariki. Madame alimwambia asubiri, yai kwanza, kisha nihudumie mezani. Kesho yake, siku ya maziko, tena wageni walikuwa wengi. Nilipofika makaburini jeneza lilikuwa limeshashuka, na vidole vyangu bado vilikuwa na rangi ya bluu. Niliapa kwamba kila mwaka, tarehe aliyokufa mama, nitakaa naye kutwa nzima.

Mwaka uliofuata niliomba ruhusa. Madame akashangaa.

"Lakini kilio kilikwisha mwaka jana!"

Nilikuwa nimeshaujua ugonjwa wake: Madame aliweza kumnyima mtu kilio, sikukuu hakuweza. Basi nikamtungia sikukuu papo hapo, nimesimama na mwiko mkononi.

"Madame, kule kwetu kuko siku moya hatuwashe moto. Tunakula bitu bya baridi, tunaikala chini, tunasema mambo ya mufu. Mupishi akishika moto siku ile, ni mubaya sana."

Macho yake yaling'aa. Jina lake? Siku ya Kulaza Moto, nikasema. Akanipa siku nzima. Nilikaa kaburini na dada yangu, tukala mihogo na karanga, tukacheka na kulia. Nilirudi kazini moyo umetulia, nikidhani nimewaweza.

Kumbe Madame aliiandika kwenye kalenda yake ya jikoni, kwa wino mwekundu, kati ya Pasaka, iliyowahi mwaka ule, na sikukuu ya mfalme. Mwaka wa pili, wiki moja kabla, alinipa habari huku akitabasamu: amealika wageni. Sote tutakaa chini. Mimi nitapika siku moja mbele, ili siku yenyewe moto ulale. Sikukuu niliyoitunga ili nisiwapikie, sasa ndiyo ninayowapikia!

Nikapika. Siku ilipofika, wale watu wazima walikaa juu ya zulia wakitafuna bukari ya jana, huo ugali wetu, ngumu kama sabuni, na kuisifu. Dada yangu alikuwa makaburini peke yake. Ndipo Madame akaniita.

"Hebu waeleze wageni, siku hii ilianzia wapi?"

Nikavua aproni.

"Ilianzia kwa mama yangu, Madame. Alikufa siku kama ya leo, na mimi nilikuwa natafuta yai lako. Mi naenda kwake sasa."

Nikachukua baiskeli yangu, nikaondoka. Nilijua kazi imekwisha, na sikujali. Lakini karibu na makaburi nilisikia honi nyuma yangu. Motokari tatu! Watu hawa walidhani kwenda kaburini ni sehemu ya sikukuu, wakabeba sahani, vyakula na hata zulia.

Dada yangu alisimama, akawatazama wakishuka, kisha akanitazama mimi, yaya wake, ndugu yake mkubwa.

"Yaya, hata siku ya mama unakuya na kazi?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote ya Madame. Naye Madame alikuwa ameshaketi kwenye udongo na gauni lake zuri, ananinyooshea sahani kama tuko kwake.

Nikaanza kugawa, nifanyeje. Ila sahani ya kwanza niliiweka juu ya kaburi. Nikachuchumaa, nikazungumza na mama, polepole, mambo ya mwaka mzima. Hakuna aliyethubutu kunikatiza. Madame alisubiri na sahani yake tupu mpaka nilipomaliza.